Tongoli Aliyoiacha Baba Alipokwenda Vitani

Kano za ng'ombe zikianikwa juani zina harufu yake. Inakaribiana na damu kavu iliyoingia vumbi, ina kaukali kidogo kanakopanda puani na kukaa. Juzi nilipita nyuma ya bucha moja pale Malaba nikakutana nayo. Mwenye bucha alikuwa ametundika kano kwenye waya, sijui za kazi gani siku hizi. Nikasimama. Mjukuu wangu akanishika mkono akidhani nimepata kizunguzungu, akaanza kutafuta mahali pa kunikalisha. Nilimwacha ahangaike. Mimi nilikuwa nimerudi Kirewa, uwanjani kwetu, wakati meno yangu ya mbele yalikuwa yanang'oka, na baba yangu Othieno amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, anasokota nyuzi za tongoli kwa kuziviringisha juu ya paja.

Kama hukukulia kwetu, huenda hujui tongoli. Chukua bakuli la mti lenye ukubwa wa karai dogo, lifunike ngozi ya kenge, lichomeke mikono miwili ya mti inayoachana kama pembe, halafu juu uifunge kwa mti wa tatu. Nyuzi zinatoka kwenye bakuli kwenda mti wa juu. Mpigaji anaiegemeza mwilini, anazidonoa kwa vidole vya mikono yote miwili. Kwetu sisi Jopadhola mtu wa heshima hakuzikwa bila tongoli. Ile yetu aliichonga babu yangu kabla reli haijafika Tororo. Bakuli lake lilikuwa jeusi kwa moshi na jasho, na pale mkono wa kushoto unapoegemea palikuwa pamelika, pakawa laini kama kizingiti cha nyumba yenye watoto wengi.

Nyumbani tulisema Kiswahili, kile cha sokoni. Mama yangu, Nabwire, alikuwa Msamia wa kule Majanji, ziwani. Baba alimkuta soko la Tororo akiuza samaki wakavu, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa mkaidi, hakuna aliyekubali kujifunza lugha ya mwenzake kwanza. Kiswahili kikawaoza. Hata baba mdogo Ochwo, mdogo wake baba, akiingia uwanjani kwetu aliacha Kidhopadhola mlangoni.

Hao ndugu wawili walipendana sana, na dalili ya kupendana kwao ilikuwa ubishi. Ubishi wao mkubwa ulihusu ile tongoli. Baba alishikilia kwamba mti wa chombo hujifunza kulia. Kila wimbo unaopigwa unapita ndani yake, unauzoeza, na kadiri unavyozeeka mikononi mwa watu ndivyo unavyofunguka. Ukiuacha ukalala, husahau.

"Mti ikishakatwa imekufa," Ochwo alisema. "Kitu imekufa najifunza nini? Ngozi ndiyo nalia, kaka. Ukitaka, nakuchongea ingine leo, nalia kama hii."

"Chonga tuone."

Akachonga kweli, mara mbili, na mara zote mbili bibi yetu aliishia kutumia lile bakuli kuwekea ulezi. Ochwo akasema kosa ni la kenge, alikuwa mgonjwa.

Kisha vita vikaja. Askari wa gombolola, wale wa chifu, walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta wanaume wenye miguu mizuri. Ochwo alikuwa na mguu mmoja uliokauka tangu utotoni. Daktari wa kuandikisha alimwambia atembee, akamtazama, akacheka, akamwambia arudi nyumbani akalinde kuku. Baba miguu yake ilikuwa mizuri. Asubuhi aliyoondoka kwenda stesheni ya Tororo, alishusha tongoli kutoka darini, akaipangusa kwa kiganja, akamkabidhi mdogo wake mbele yetu sote.

"Usiache ilale. Piga kila siku, hata kidogo. Nikirudi nitasikia mwenyewe nani alisema kweli."

Akaenda. Tulisikia baadaye kwamba amepelekwa Bama, ng'ambo ya bahari, lakini kwetu Bama lilikuwa jina tu, kama jina la mtu mbaya.

Miaka ile ya vita ilikuwa ya njaa na ya kulima pamba. Na jioni baada ya jioni Ochwo alipiga. Alipiga kwenye matanga, kwenye pombe, kwenye harusi, na pasipokuwa na shughuli yoyote alikaa mlangoni pake na mguu wake mkavu ameunyoosha mbele akawapigia mbuzi. Ngozi ikapasuka, akatafuta kenge mwingine kwenye kinamasi. Nyuzi zikakatika, akaanika kano mpya. Mti wa juu ukaliwa na mchwa, akaweka mwingine. Kilichobaki cha zamani kikawa lile bakuli jeusi peke yake. Na sauti ilibadilika. Hata mimi mtoto niliisikia. Nilivyoikumbuka mikononi mwa baba, ilikuwa nyembamba, inavuma kama nyuki ndani ya kibuyu. Sasa ikawa na kifua. Ukisimama ng'ambo ya mto unafua nguo, ilikufikia ikiwa nzima, haikupungua njiani. Watu walitoka mbali, hata ng'ambo ya Malaba, kuja kumchukua Ochwo akawapigie maiti yao.

Siku moja alikuja jikoni kwa mama, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Shemeji, kaka alisema kweli," akasema. "Ngozi mimi nimebadilisha, kano nimebadilisha, na sauti nazidi tu. Imebaki bakuli. Akirudi nitamwambia mbele ya watu wote."

"Si bakuli," bibi akasema kutoka pembeni, akatema tumbaku. "Ni vidole vyako. Zamani ulikuwa unapiga kama mtu anayejikuna."

Ochwo akacheka, lakini hakukubali. Alikuwa ameshindwa na alikuwa na hamu ya kushindwa hadharani. Kila gari moshi lililopiga mluzi Tororo alisema, "Labda ni leo."

Baba alirudi mwishoni mwa kiangazi, na hakuna aliyekuwa ametuarifu. Nilikuwa natoka mtoni na ndoo kichwani nikaona mtu mrefu mwenye koti zito la jeshi, limemkaa kama limetundikwa kwenye mti, anapita njia ya kwetu. Nilimjua kwa mwendo. Nikatupa ndoo nikakimbia, naita baba, baba. Hakugeuka. Bibi naye alimwona kutoka shambani, akapiga vigelegele hadi akakohoa. Baba aliendelea kutembea vilevile, macho mbele. Nilidhani amekataa kutujua. Mama ndiye aliyemfikia, akamshika mkono wa koti, naye akaruka kama aliyeguswa na nyoka. Alipomwona ni nani, akasema kwa sauti iliyotisha kuku, "NABWIRE. MIMI SISIKII."

Mzinga ulikuwa umepasuka karibu naye. Wenzake waliokuwa shimo moja wote walikufa. Yeye alitoka mzima, bila masikio. Hakujua kusoma, wala sisi hatukujua kuandika. Kwa hiyo tulianza kuzungumza naye kwa mikono. Tulikuwa na ishara ya mvua, ya chakula, ya ng'ombe. Chifu tulimwonyesha kwa kuchora tumbo hewani, na bibi kwa kujifanya tunatema tumbaku, jambo ambalo bibi hakulifurahia. Kuna siku tulicheka sana. Lakini ishara hizo zilikuwa za vitu vilivyo mbele ya macho, na siku haiishi kwa kuzungumza mvua na ng'ombe.

Jioni ya karamu ya kumpokea, Ochwo alileta tongoli. Alikuwa amevaa shati safi. Akasimama mbele ya watu, akafungua kinywa aseme lile neno alilolitunza miaka yote, kisha akakumbuka kwamba mwenye kuambiwa hasikii. Akakifunga. Akakaa, akapiga. Wanawake wakainuka kucheza. Baba alivitazama vidole vya mdogo wake, halafu akatazama miguu ya wachezaji, halafu akatazama uso wa mama. Akanyoosha mkono akauweka juu ya bakuli. Akauacha hapo kidogo. Kisha akanyanyuka, akaenda nyuma ya ghala, na hakurudi karamuni.

Baada ya siku ile aliacha kula vizuri. Alishinda juani ukingoni mwa kinamasi, koti mwilini, akitazama mafunjo. Kila alipomwona Ochwo akipita na tongoli begani aligeuza kichwa. Mama alianza kumfuata kila alikokwenda. Asubuhi moja baba alikwenda machungani kukata nyasi akachukua na kamba ya ng'ombe, na ng'ombe wote walikuwa wamefungwa tayari. Mama akaacha uji motoni, akamkimbilia. Walirudi pamoja. Kamba ilikuwa mkononi mwa mama, na uji ulikuwa umeungua, na nilishangaa kwamba hakuna aliyeulalamikia.

Siku chache baadaye tulikuwa uwanjani tunapukuchua mahindi. Baba akasema kwa ile sauti yake isiyojua kipimo, "Nabwire. Tongoli namna gani? Inalia kama zamani?"

Mama alijipangusa mikono kwenye leso. Akaonyesha kidole upande wa nyumba ya Ochwo, akavichezesha vidole vyake hewani kama anayedonoa nyuzi, kisha akaweka kiganja kooni, akatikisa kichwa. Imekufa. Sauti imekufa.

Nilifungua mdomo. Mama akanikanyaga mguu, akanikanyaga hasa, kisigino juu ya vidole.

Baba aliliweka gunzi chini. Halafu nikaona kitu ambacho sikukielewa: uso wake ulilegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akaonyesha mdomo wake. Alitaka chakula. Alikula sahani nzima ya kuni, ndivyo tulivyouita ugali wetu wa muhogo na ulezi, pamoja na samaki, akalamba vidole, akaomba tena. Alipomaliza alisimama akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake, nasi nyuma yake.

"ULIACHA ILALE!" alipiga kelele. "NILIKUAMBIA USIACHE ILALE! NIMEKUPA KITU YA BABA, UMEUA!"

Majirani walitoka. Ochwo alikuwa ameketi mlangoni pake, akasimama taratibu kwa kuegemea ukuta. Nilimsubiri. Nilijua maneno yake yote, nilikuwa nimeyasikia jikoni. Nilijua angetikisa kichwa, angechukua tongoli na kumwita kila mtu ashuhudie. Alikuwa mtu wa kubishana hata juu ya kenge mgonjwa. Lakini aliinamisha kichwa. Akaitoa tongoli ndani akamkabidhi kaka yake kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha alichoiba. Baba akamwambia aondoke, asimwone tena pale.

Ochwo akafunga mkeka wake, akaondoka kwenda Majanji kwa wajomba zangu, akavue samaki au akatengeneze nyavu, kazi ambayo mtu anaweza kuifanya amekaa. Mama alimpa unga kwenye kikapu bila kumtazama usoni. Nilimwona akipanda mlima kidogo kidogo, mguu mmoja ukichora mstari kwenye vumbi. Nikasema moyoni kwamba mwenye hatia ndivyo anavyotembea.

Baba akapona, kama naweza kuita kupona. Alilala usiku, alilima pamba, alicheka tukimchorea chifu. Tongoli aliitundika juu ya mafiga, moshini, hakuna aliyeigusa. Mama ndiye aliyeanza kukonda.

Msimu wa pamba uliofuata ulipokwisha, wajomba walimleta Ochwo kwa baiskeli. Walikuwa wamemfunga kwa shuka kwenye mgongo wa mwendeshaji asianguke, maana alikuwa anasinzia. Kule ziwani malale yalikuwa yamerudi, mbung'o wamejaa vichakani, watu wanalala mchana na kuzurura usiku mpaka akili inawatoka. Walimweka nyumbani kwa bibi. Alikuwa mwembamba kama nyuzi zake mwenyewe. Alilala macho yakiwa nusu wazi, na vidole vyake vilidonoa blanketi bila kukoma.

Baba alikwenda akasimama mlangoni. Alisimama muda mrefu, mkono kwenye mwimo, akimtazama. Hakuingia. Kesho yake akasimama tena, hakuingia.

Mimi ndiye niliyepeleka uji. Siku moja Ochwo alifumbua macho sawasawa, akanijua.

"Akoth. Baba yako anakula?"

"Anakula."

"Analala usiku?"

"Analala, baba mdogo. Anakoroma."

"Basi," akasema. Akafumba macho, na kwa mara ya kwanza vidole vikatulia kidogo. Hakunitambua tena baada ya hapo. Alikufa wakati wa palizi ya mtama.

Wazee wa ukoo walisema mpigaji hawezi kuzikwa kimya kimya. Mpigaji mwingine wa karibu alikuwa amekwenda kutafuta kazi Kisumu. Mzee mmoja akamwonyesha baba kwa mikono, akadonoa hewa, akaonyesha kaburi. Baba akakataa. Kisha akamtazama bibi, aliyekuwa amekaa chini amenyoosha miguu, hana hata machozi. Akaingia jikoni, akaishusha.

Nyuzi zilikuwa zimelegea, nyingine zimekatika. Akaweka mpya, akanikalisha karibu naye ili niwe masikio yake. Alidonoa uzi, mimi nikainua kidole akaze, nikashusha alegeze. Mwanzoni ilitoa sauti ya ukavu, ya kukwaruza. Nikadhani uongo wa mama umekuwa kweli, imekufa huko moshini. Baba akaanza kupiga wimbo wa maombolezo, ule wa kumsindikiza mtu wa nyumba. Vidole vyake havikuwa vimesahau. Alipiga kwa kukumbuka, macho yamefumbwa. Na kadiri alivyopiga, ile sauti ikapata joto, ikajaa, ikafunguka, mpaka ikawa ileile ya Ochwo, yenye kifua, inayovuka mto bila kupungua.

Wanawake wakapiga yowe. Wanaume wakaanza kulia, wazee wazima, wameshika vichwa. Watu waliokuwa mbali, kwenye miti ya pamba, wakasogea. Bibi hatimaye akalia.

Baba alifumbua macho akawaona.

Alivitazama vile vinywa vilivyo wazi, yale mabega yanayotikisika. Mtu aliyepiga mazishi mengi anajua watu wanavyokaa chombo kibovu kinapopigwa: wanatazama chini, wanasubiri kiishe. Vidole vyake vikasimama. Akanigeukia.

"Akoth. Inalia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kama zamani?"

Nilikuwa nimeulizwa na baba yangu, mbele ya kaburi. Nikatikisa kichwa, nikainua mkono juu, juu kabisa, kupita kichwa changu. Kuliko zamani.

Akamtazama mama kati ya wanawake. Mama alikuwa amejifunika uso kwa leso. Baba akaweka tongoli chini, polepole. Akaenda hadi ukingo wa kaburi, ambamo Ochwo alikuwa ameshalazwa na udongo haujarudishwa. Akapiga magoti, kisha akalala kifudifudi, akaingiza kichwa ndani ya shimo, kama mtu anayetaka kumnong'oneza mwenzake jambo la siri. Alidhani ananong'ona. Lakini alikuwa amepoteza kipimo cha sauti yake, na kila mtu aliyekuwa pale alisikia, hata wachunga ng'ombe waliokuwa ng'ambo.

"OCHWO. ULITUNZA. MIMI NIMEKUTUKANA BURE. OCHWO, NDUGU YANGU, ULITUNZA."

Hakuna aliyemwambia kwamba tunasikia. Tulisimama tukamsikiliza mpaka akamaliza, na aliendelea kwa muda mrefu.

Hakumpiga mama wala hakumfukuza, ingawa watu walingoja. Waliishi pamoja mpaka uzee, wakala chakula kimoja. Lakini hakumuuliza tena jambo lolote la masikio. Aliniuliza mimi.

Kwa miaka mingi nilimlaumu mama. Nilipoolewa ng'ambo ya Busia na kuzaa, nilikuwa nakuja kumwona nikiwa na kitu kigumu rohoni. Baba alikuwa amekwisha kufa mama alipougua ugonjwa wake wa mwisho, na ndipo nilipomuuliza kwa nini alimtoa Ochwo kafara kwa uongo wake.

"Kwani unadhani nilifanya bila kumuuliza?" akasema.

Akanieleza. Siku ya ile kamba, mchana uleule, alikwenda kwa Ochwo. Akamwambia kaka yake atakufa kwa sababu ya kile asichokisikia. Kwamba baba anaweza kuishi bila masikio, ila hawezi kuishi akijua kitu chake kinalia vizuri hivyo na watu wote wanakisikia isipokuwa yeye. Ochwo alikaa na tongoli mapajani, akafikiri. Kisha akasema, "Mwambie imekufa. Mwambie mimi niliua. Akinichukia mimi atapata nguvu ya kula."

Nikakumbuka kile kichwa kilichoinama mbele ya majirani.

"Na baada ya mazishi?" nikamuuliza. "Mbona hukumwambia baba kwamba Ochwo alikubali mwenyewe?"

Mama alinitazama kama anavyotazamwa mtoto mjinga. Akainua mikono yake miwili kutoka kwenye blanketi, mikono iliyokwisha kukauka, akaishika hewani mbele yangu.

"Nionyeshe," akasema. "Nionyeshe wewe ningesemaje hayo kwa mikono."

Nilijaribu. Nilianza na ishara ya mdogo wake, nikaweka kiganja kifuani, kisha sikujua pa kwenda. Kusema imekufa kulihitaji kiganja kimoja kooni. Haya mengine yalihitaji mtu anayesikia. Mikono yangu ikabaki hapo, na mama akageukia ukutani.